Jeneza Mezani

Ni siku ya jina ya mzee János Kárpáthy. Nchini Hungaria, siku ya mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake husherehekewa kwa kishindo, na mzee huyu ni tajiri asiyejua mashamba yake yanaishia wapi. Nyumba imejaa wageni, watumishi hawapumziki. Zawadi zinaletwa mbele yake. Mojawapo imetoka kwa Béla, mtoto wa ndugu yake, kijana anayeishi Paris na kujiita Abellino. Wawili hawa hawapatani, kwa hiyo mzee anapoona zawadi anaguswa moyo: pengine kijana amejirudi. Inafunguliwa. Ni jeneza. Mzee anaanguka kwa kiharusi.

Kisa hicho kimo katika Egy magyar nábob, yaani Nababu wa Hungaria, riwaya ya Mór Jókai ya mwaka 1853 na 1854. Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza ya R. Nisbet Bain, ya mwishoni mwa karne ya 19, na nakiri kwamba nilipofika kwenye jeneza nilicheka kwa sauti. Ni mzaha wa kihuni, lakini umepangwa vizuri mno. Baadaye likanijia swali la kijinga, swali la mtu aliyezoea kuulizia risiti: jeneza lile lililipiwa na nani?

Jibu limo kitabuni. Abellino hana kitu. Paris anaishi kwa mikopo, hasa kutoka kwa mwenye benki aitwaye Griffard, na kinachompa Griffard imani ya kukopesha ni kifo cha mzee. Mzee akifa, kijana atarithi; akirithi, atalipa. Kwa hiyo hata gharama ya mzaha ule ilikuwa, kwa mzunguko mrefu, inatoka mfukoni mwa mzee. Alizawadiwa mali yake mwenyewe.

Riwaya za zamani kuhusu makabaila wa Hungaria husomwa na wengi kama albamu ya picha: farasi wanne wamefungwa kwenye gari, fidla inalia, mvinyo unamwagika, kijana mwenye masharubu anapiga goti mbele ya binti. Nchini kwao zimefanyiwa filamu mara nyingi, na nyingi ya filamu hizo zinapendeza macho. Mimi nazisoma kama vitabu vya madeni. Posa ndani yake ni njia ya kutafuta fedha, karamu ni njia ya kuficha kwamba fedha hazipo, na mtu anayewekwa rehani mara nyingi ni msichana ambaye hata hakukaa mezani.

Kabla ya kwenda mbali, neno moja kuhusu neno. Nasema makabaila kwa sababu nimekosa jingine. Muungwana angefaa kwa upande mmoja, maana linabeba kuzaliwa huru, adabu, na jicho la kumdharau asiyezaliwa hivyo. Lakini muungwana wa pwani aliishi kwa biashara, na aliyefilisika alijulikana. Úr wa Hungaria, yaani bwana, aliweza kufilisika miaka thelathini bila mtu kumwambia.

Aliwezaje? Hapa lazima tuingie kwenye sheria, na naomba uvumilivu, maana bila sheria hii hakuna riwaya.

Mwaka 1351 Mfalme Lajos wa Kwanza alithibitisha kanuni ambayo Wahungaria huiita ősiség. Tafsiri ya karibu ni mali ya mababu. Ardhi ambayo kabaila ameirithi si yake kuuza wala kumwachia amtakaye kwa wosia; ni ya ukoo. Yeye anakaa juu yake, anakula matunda yake, kisha anaipisha damu inayofuata. Ukoo ukikatika kabisa, ardhi inarudi kwa mfalme. Kanuni hiyo ilidumu karibu miaka 500. Binti za kabaila walikuwa na haki ya robo, ambayo kwa kawaida walipewa kwa fedha ili ardhi isitoke nje ya jina. Kulikuwa pia na utaratibu ambao bado unanishangaza: baba asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwomba mfalme amtangaze binti yake kuwa mwana wa kiume, kwa hati, ili arithi. Msichana analala binti, anaamka mwana, na hakuna kilichobadilika ila karatasi.

Kanuni hii iliwekwa ili koo zisipoteze ardhi. Kwa hilo ilifaulu. Lakini iliwaletea kero moja kubwa: nani atakukopesha kwa kitu ambacho huwezi kukiuza? Mkopeshaji akichukua shamba leo, kesho atatokea binamu kutoka wilaya ya tatu na hati ya babu wa babu, alidai. Mwaka 1828 Kaunti István Széchenyi, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi, aliomba mkopo Vienna akakataliwa. Alikasirika, na hasira yake ikawa kitabu, Hitel, yaani Mkopo, kilichotoka mwaka 1830 na kutikisa tabaka lake zima. Széchenyi aliwaambia wenzake kwamba mali wanayojivunia ndiyo inayowafunga. Wengi wao hawakufurahi kuambiwa hivyo.

Sasa rudi kwa mzee Kárpáthy na utaona karamu zake kwa jicho jingine. Huyu mtu ana kila kitu na hawezi kukifanya chochote. Hawezi kuuza, hawezi kumnyima mrithi asiyempenda. Mapato ya mwaka ndiyo pekee yaliyo yake kweli, na mapato hayo anayatapanya kwa hasira ya mtu anayekula chakula kabla mwingine hajafika. Riwaya inafunguka katika nyumba ya wageni nyikani, mzee amezungukwa na wasichana wa kijijini, mbwa na wachekeshaji, na anaahidi fedha kwa Mroma mmoja ili ale panya mzima. Ni mandhari ya kuchukiza, na Jókai anaiandika kwa furaha inayonisumbua. Lakini anajua anachofanya. Wakati huo Abellino anaingia mlangoni; gari lake limepata shida njiani. Mrithi anakuja kuangalia kama mzee bado anapumua.

Tarehe nazo zina maana yake. Ősiség ilifutwa na sheria za mapinduzi ya 1848, na hati ya kaisari ya 1852 ndiyo iliyokamilisha utekelezaji. Jókai, ambaye alikuwa mmoja wa vijana wa mapinduzi yale pamoja na mshairi Petőfi, anaanza kuchapisha riwaya hii mwaka mmoja baada ya hati. Mapinduzi yameshindwa, nchi inatawaliwa kutoka Vienna, wakaguzi wanasoma kila kitu. Yeye anaandika kuhusu miaka ya 1820, wakati mzee bado anaweza kuwa mzee wa namna ile. Ndiyo maana kuna huruma nyingi kiasi hicho. Anamwandikia tanzia mtu aliyempinga.

Huruma hiyo ina gharama, na gharama inaitwa Fanny Mayer.

Baada ya kiharusi, mzee anapona, na anagundua silaha pekee ambayo sheria imemwachia: akizaa mtoto wa halali, Abellino anatoka kwenye mstari wa urithi. Anahitaji mke. Na mke anayemchagua ni yule yule ambaye Abellino amekuwa akimwinda huko Pozsony, mji unaoitwa leo Bratislava. Fanny anatoka familia yenye jina baya. Dada zake wameshaingia katika maisha ambayo watu huyanong'ona, na mama yake yuko tayari kumtia sokoni. Shangazi yake na fundi seremala mmoja mwaminifu, Boltay, ndio wamemlinda. Kwa hiyo binti huyu anakaa katikati ya ofa mbili: mkopaji kijana anayetaka mwili wake kwa fedha ambazo hana, na mzee anayetaka tumbo lake ili amkomoe mkopaji. Anamchagua mzee. Mzee ana adabu zaidi, hilo ni kweli.

Jókai anaigeuza ndoa hii kuwa ya heshima, na kurasa za Fanny akijifunza kuwa bibi wa nyumba kubwa, akiwaogopa wanawake wa tabaka lake jipya hadi anapopata rafiki wa kweli, Flóra Szentirmay, ni kati ya kurasa bora za kitabu. Lakini tazama alivyommaliza. Fanny anampenda kimya kimya Rudolf, mume wa Flóra. Hawezi kusema. Anazaa mtoto wa kiume, Zoltán, kisha anakufa. Mzee naye anamfuata baada ya muda, na katika wosia wake mtoto anakabidhiwa kwa Rudolf huyo huyo. Kila mtu amepata alichokitaka: ukoo umepata mrithi, Abellino amepata adhabu, Rudolf amepata heshima ya kulea. Mwanamke aliyefanya yote hayo yawezekane ameondolewa kabla hajauliza swali. Wasomaji wa zamani walilia. Mimi nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa mizania iliyosawazishwa kwa kufuta mstari mmoja. Na deni halikwisha: katika mwendelezo, Kárpáthy Zoltán, Abellino anakwenda kudai kwamba mtoto si halali. Hata kaburini Fanny anaitwa kutoa ushahidi.

Kusubiri kifo cha mwingine ndiyo kazi rasmi ya mrithi, na kama unadhani hayo ni ya huko kwao tu, fungua ramani ya zamani ya Kenya. Mwezi Machi 1888 Kaunti Sámuel Teleki, kabaila wa Transylvania, mbunge, mtu mnene na mpenda maisha, alifika kwenye ziwa la kaskazini akitokea pwani ya Pangani na mamia ya wapagazi, akiongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia hizo. Teleki akaliita ziwa lile Rudolf, kwa heshima ya rafiki yake mwana wa kaisari wa Austria na mfalme wa Hungaria. Ziwa dogo lililo karibu akaliita kwa jina la Stefanie, mke wa Rudolf. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Januari 1889, Rudolf alikutwa amekufa huko Mayerling pamoja na mpenzi wake Mary Vetsera, msichana wa miaka 17. Hakurithi kitu. Ziwa letu lilibeba jina la mrithi asiyerithi hadi mwaka 1975 lilipoitwa Turkana. Mapenzi, urithi na anasa za nyumba moja ya Ulaya zilikaa kwenye ramani ya watu ambao hawakualikwa kwenye karamu hata moja, na wapagazi waliolibeba jina hilo kutoka pwani wengine hawakurudi kwao.

Turudi Hungaria, lakini tusogee miaka 50 mbele. Ősiség imekwisha, wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana wameachiwa, na makabaila wadogo wameuza walichokuwa nacho. Sasa wako kwenye ofisi za wilaya, wanapiga mihuri. Wahungaria waliazima neno la Kiingereza kuwaita: dzsentri. Mwandishi wao ni Kálmán Mikszáth, na nitasema wazi kwamba kwangu ndiye bora kuliko wote katika jambo hili, kwa sababu hana machozi ya Jókai.

Ana kitabu kifupi cha mwaka 1897, Gavallérok, ambacho unaweza kukimaliza jioni moja. Msimuliaji anaalikwa harusi huko Sáros, eneo lililo leo Slovakia. Anaona magari ya fahari, farasi wa damu, vyombo vya fedha, vito, watu wanaocheza karata kwa dau la kutisha na kuzungumzia misitu yao kama mtu anavyozungumzia mashati. Anaduwaa. Baadaye anagundua kwamba karibu kila alichokiona kiliazimwa. Farasi wa huyu, vyombo vya yule, na mabwana wenyewe ni makarani wenye mishahara midogo ambao kesho watarudi kwenye madawati yao. Kinachokifanya kitabu kiume ni kwamba hakuna aliyedanganywa. Wote waliokuwa pale walijua. Waliazimana vitu, kisha wakaazimana pia imani ya kuvisadiki kwa siku moja. Mgeni peke yake ndiye aliyehitaji kuelezwa. Mikszáth hawacheki kwa dharau. Anawatazama kama mtu anayetazama mchezo wa kuigiza uliochezwa kwa ustadi na watu wasiolipwa.

Lakini kazi yake kubwa ni ile ya baadaye, iliyotoka kati ya 1906 na 1908: A Noszty fiú esete Tóth Marival, yaani Kisa cha Kijana Noszty na Mari Tóth. Hapa michezo imekwisha.

Feri Noszty ni luteni wa wapanda farasi, mzuri wa sura, ana ulimi mtamu na jina la zamani. Kitabu kinaanza na hati ya deni, na deni halimwachi. Dawa inayojulikana ni ndoa. Hapa msomaji wa Kiswahili ageuze kichwa kidogo, maana fedha zinatembea kinyume na mahari yetu: huko mali hutoka nyumbani kwa binti na kwenda kwa mume. Kijana mwenye jina anauza jina. Baba mwenye fedha ananunua jina kwa ajili ya wajukuu. Mari Tóth ni binti wa Mihály Tóth, mwokaji aliyekwenda Marekani, akatajirika, akarudi. Hana babu wa kutaja. Ana fedha safi.

Na Mari si mjinga. Anajua kila anayepiga goti mbele yake anaangalia nyuma yake, kwenye kasha. Kwa hiyo kwenye sherehe ya mavuno ya zabibu anabadilishana nguo na mtumishi wake, aende akacheze kama msichana wa kawaida, aone kama kuna atakayempenda bila hesabu. Anampata mmoja, kijana wa hali ya chini kama anavyojionyesha yeye, na anampenda. Kijana huyo ni Feri Noszty, naye amejigeuza. Fikiria ukatili wa mpango huu. Mahali pekee ambapo Mari alidhani amekwepa soko ndipo soko lilipomngoja limevaa nguo za kazi.

Wakosoaji wengine husema Feri anampenda kweli kwa kiasi fulani, na kwamba hapo ndipo utamu wa kitabu ulipo. Nakubali nusu. Mikszáth anaacha mlango wazi; kuna sehemu Feri mwenyewe hajui tena anaigiza au haigizi. Lakini angalia nani anaendesha mambo. Ni ukoo. Baba, shangazi, dada, shemeji ambaye amepata ukuu wa mkoa, wote wanahusika, kila mmoja na kazi yake, kama watu wanaowazingira wanyama porini kuwasukuma kwa mwindaji. Ősiség imefutwa kwenye vitabu vya sheria tangu 1848, lakini hapa ipo mzima wa afya: mali haiwezi kuwa ya mtu mmoja, na sasa mali hiyo ni msichana. Hati ya mfalme iliweza kumgeuza binti kuwa mwana. Ukoo wa Noszty unamgeuza kuwa shamba.

Baba yake Mari anakataa. Basi Feri anaingia usiku chumbani alikolala binti katika nyumba ya wageni, na asubuhi anajitokeza roshanini akiwa na shati tu, bila koti, mbele ya umati ulio chini. Hakuna haja ya neno. Katika jamii ile, shati lile ni mkataba. Jina la Mari limeharibiwa hadharani na mtu anayeweza kulitengeneza ni yule aliyeliharibu, kwa bei yake. Nimesoma maelezo yanayokiita kitendo hiki utundu wa kijana. Ni unyang'anyi, na Mikszáth anakiandika kwa ubaridi wa ripoti ya polisi.

Mzee Tóth anakubali harusi. Siku inapangwa, wageni wanakuja, magari yanajipanga, wilaya nzima imevaa. Kisha mwokaji anatoka mbele yao na kuwaambia kwamba harusi haipo. Binti yake hayupo. Ameshamwondoa, yuko mbali. Yuko tayari aonekane na jina lililovunjika kuliko awape. Ukoo mzima umesimama pale na nguo zake nzuri, na kwa mara ya kwanza katika riwaya hizi zote mtu ameletewa hesabu ya karamu na kukataa kuilipa kwa binti yake.

Nilipokuwa nasoma Jókai nilitamani jambo la namna hiyo litokee kwa Fanny. Halikutokea, kwa sababu Jókai anaamini kwamba kabaila mmoja mwema, Rudolf, anatosha kuokoa tabaka. Mikszáth alikuwa mbunge kwa miaka mingi. Alikaa na akina Noszty bungeni, akala nao, akacheza nao karata. Sidhani imani hiyo ilimbakia.

Zsigmond Móricz anakuja baada ya wote hao, na Úri muri yake ya mwaka 1928, ambayo jina lake ni kama kusema Tafrija ya Mabwana, nitaipita haraka, si kwa sababu ni dhaifu bali kwa sababu inajisema yenyewe. Ni mwaka 1896, nchi inasherehekea miaka 1,000 tangu Wahungaria wafike kwenye uwanda ule. Zoltán Szakhmáry ana ndoto ya shamba la kisasa, ana mke, Eszter Rhédey, ana hawara, Rozika, na ana marafiki wanaoongozwa na Csuli Csörgheő, bingwa wa mizaha ya kikatili. Wahungaria wana msemo kwamba wao hushangilia huku wakilia, na riwaya hii imeandikwa ndani ya msemo huo. Tafrija haiishi. Wapiga fidla Waroma wanapiga hadi asubuhi, na bwana akiguswa na wimbo anamtuza kiongozi wao kwa kumbandika noti kwenye paji la uso. Desturi hiyo haitamshangaza mtu yeyote aliyewahi kuona taarabu ikituzwa. Tofauti ni kwamba kule anayetuza ndiye mwenye madeni, na anayetuzwa atalala nje. Mwishoni Szakhmáry analichoma moto shamba lake mwenyewe na kujipiga risasi. Mzee Kárpáthy hakuweza kuuza ardhi. Huyu wa mwisho anaweza kufanya nayo atakalo, na anachotaka ni kuona inawaka.

Kuna Fanny mwingine, na sikumtafuta. Yumo katika riwaya tatu za Kaunti Miklós Bánffy kuhusu Transylvania, zilizotoka kati ya 1934 na 1940, zilizoandikwa na mtu aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje na aliyejua kila sakafu ya dansi anayoieleza. László Gyerőffy, kijana mwenye kipaji cha muziki, anapoteza kwenye meza ya karata fedha ambazo hana. Kwa mabwana wale, deni la fundi viatu linaweza kungoja miaka, lakini deni la karata lazima lilipwe upesi au mtu afutwe kwenye jamii. Anayemwokoa ni Fanny Beredy, mke wa mtu, mpenzi wake, anayezitoa lulu zake ili deni lilipwe. László anabaki na heshima yake kwa muda kidogo. Bánffy anaandika tukio hilo kwa upole mkubwa na bila kupaza sauti, na kwa ukurasa mzima unajikuta unamwonea huruma László.

Ndivyo vitabu hivi vinavyokukamata. Vimeandikwa kutoka upande wa meza wenye mishumaa. Hata Mikszáth, ambaye namsifu kuliko wote, siku ile ya harusi anatuacha uani pamoja na wageni. Tunamsikia baba. Tunaziona nyuso za akina Noszty. Tunaambiwa Mari ameondolewa, na kitenzi hicho ndicho kinachonikera: ameondolewa, kama vyombo vya fedha vilivyoazimwa. Mtu pekee katika kitabu aliyejaribu kupendwa bila hesabu, aliyevaa nguo za mtumishi na kwenda kucheza kwenye mavuno, yuko ndani ya gari mahali fulani njiani, na sijui kama anamshukuru baba yake au anamlaani, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.